Vitambaa Vitatu vya Mwalimu Kaanaeli

Baba yangu, Mwalimu Kaanaeli, alikuwa mwoga. Nasema hivyo bila kumvunjia heshima, maana woga wake ulikuwa wa mtu aliyekwisha kuona. Ndugu yake Thomasi alianza kwa kukauka sauti tu, watu wakamtania. Mwaka haukuisha, kifua kikuu kikamzika, nguo zake zikachomwa moto nyuma ya migomba.

Mwingereza alikuwa angali anatawala ilipozuka homa ya uti wa mgongo huku Meru. Dresa wa serikali, yule mhudumu wa zahanati, akapita shuleni kwetu, juu ya Maji ya Chai, akaagiza walimu wafunike pua na mdomo kwa kitambaa wanapofundisha. Kitambaa kimoja, alisema. Baba akafunga vitatu vya marekani, ile pamba nzito, kimoja juu ya kingine, akakaza fundo kisogoni mpaka macho yakamtoka.

Sasa fikiria watoto hamsini na wawili, bati juu, mvua ya masika. Kusoma kwa siku zile kulikuwa kuitikia: mwalimu anatamka, darasa zima linarudia.

"Hatusikii, mwalimu!" walilalamika wa nyuma.

Akapaza sauti. Wakarudia upuuzi, akapaza zaidi. Kupunguza vitambaa hakutaka hata kusikia. Jioni alirudi mishipa ya shingo imemsimama, akanywa tangawizi kimya kimya.

Wiki ya tatu sauti ikakwaruza. Ya nne ikawa inakatika katikati ya neno, na baba akajua, au alidhani anajua, kwamba zamu yake imefika. Mama aliniambia baadaye kuwa kila asubuhi baba alitema mate kwenye jivu, akainama kuyachungulia akitafuta damu. Kwa dresa hakwenda. Mwalimu aliyekutwa na kifua alipoteza kazi, akapelekwa mbali na watu wake. Basi akajitenga mwenyewe: akahamia kibanda cha kuhifadhia kahawa, na sahani yake, na kikombe chake. Mama, masikini, akadhani kuna mwanamke.

Mimi nilikuwa na miaka mitano, mtoto wao wa pekee, nimezoea kumparamia baba kila arudipo. Siku moja nilipomkimbilia, alininyanyulia fimbo.

"Usinisogelee, Hanna!"

Sauti ile haikuwa yake. Nilikimbilia migombani, nikajikojolea. Tangu hapo, nikiona vitambaa vyeupe vinapanda njia, niliingia uvunguni.

Kisha akakohoa, doa jekundu likabaki kwenye kitambaa. Mama aliliona kabla hajalificha.

"Baba Hanna, hii nini?"

Akamweleza yote, hadi habari za jivu. Mama hakulia. "Kesho unapanda basi kwenda mjini kwa daktari," alisema. "Kama ni kifo, tukijue."

Siku hiyo mama hakwenda shamba. Alinipakata mlangoni, akanibana mpaka nikaumia, na kila basi liliponguruma kule barabarani alisimama. Jua lilikuwa bado halijazama baba alipotokea, uso wazi, kibao cha kuandikia mkononi. Mama akamwamkia, akamuuliza, akamuuliza tena. Baba hakujibu neno. Mama akapiga yowe, kwani Thomasi naye alimaliza siku zake bila sauti.

Baba akamsukumia kibao. Mama akasoma kwa sauti: "Si kifua. Koo limechubuka kwa kupiga kelele kitambaani. Nimekatazwa kusema mwezi mzima, hata kunong'ona."

Mama alikaa chini pale pale, akacheka, akalia, akamporomoshea matusi ya Kimeru ambayo siyaandiki.

Baba akapiga magoti, akaninyooshea mikono. Midomo yake ilicheza, ikaunda jina langu, na hakuna kilichotoka. Nilishikwa na hofu kubwa kuliko ya siku ya fimbo. Nikarudi nyuma hadi ukutani nikimlilia mama, na baba akabaki pale, mikono wazi, asiweze hata kuniambia, "Njoo."