Kwa nini Okiring alikuwa akisimama Kocholia

Wakuu, habari zenu. Hili sikuambiwa na mtu, nilikuwepo, na bado linaniuma.

Mimi ni ajenti wa forodha hapa Malaba. Kazi yangu ni makaratasi ya malori yanayovuka kwenda Uganda.

Kwa wasiojua, trela ya transit, yaani yenye mzigo unaopita tu kwenda nchi nyingine, hufungwa kufuli la elektroniki kule Mombasa, na kila inaposimama inaonekana kwenye kompyuta. Siku hizi kuna machine learning, programu inayojifunza yenyewe, inayosoma data ya safari zote na kulipatia kila lori rangi. Kijani unapita. Nyekundu unaingizwa yadi ya ukaguzi, mzigo wote unashushwa.

Na niseme ukweli, inafanya kazi. Imenasa ethanol na sigara zilizokuwa zinapita mchana peupe.

Sasa Okiring. Dereva mpole, mzaliwa wa hapa hapa Teso North. Mama yake alilazwa hospitali ya Kocholia. Kila safari akikaribia mpaka, alikuwa anaegesha trela kando ya lami, anapanda boda na chupa ya uji, anamnywesha mama kidogo, anarudi.

Sistimu yenyewe iliona lori la transit likisimama mahali pamoja kila safari, karibu na mpaka. Wanaoshusha magendo hufanya hivyo hivyo. Ikampa nyekundu.

Siku hiyo ya nyekundu nesi alikuwa amempigia simu asubuhi, kwamba mama amezidiwa na anamuulizia. Cha kusikitisha, ndiyo siku pekee ambayo hakusimama. Alitaka kumalizana na mpaka kwanza, ndio akakae naye bila haraka.

Dereva haruhusiwi kuacha lori mzigo ukikaguliwa. Nikamsindikiza kwa afisa.

"Mkubwa, mama yangu ako Kocholia, hali ni mbaya. Niruhusu nimuone tu, nitarudi."

Afisa hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka. "Boss, kila dereva wa nyekundu hapa ako na mama mgonjwa."

Nikampigia mwenye lori alete dereva mwingine. Hakuwa na mtu karibu.

Mzigo ulikuwa vigae. Maboksi yakashushwa, yakafunguliwa. Okiring alisimama kando, simu mkononi. Kabla hawajamaliza, ikalia. Alisikiliza, akasema, "Sawa, sista," kisha akakaa juu ya boksi la vigae.

Hakukupatikana kitu. Afisa mwenyewe alikuja kumpa pole ya msiba, na nilimwona hajui aweke wapi mikono yake.

Wakuu, sipingi hizi mashine. Iliona sawa, lori lilikuwa linasimama. Lakini hakuna mtu aliyemuuliza dereva sababu mapema, na alipoisema mwenyewe hakuaminika. Vijana wa data mlio humu, mngeliwekaje hilo kwenye sistimu yenu? Na nyie mliowahi kulala yadi, semeni yenu hapa chini.

Okiring bado anaendesha. Siku hizi anapata kijani kila safari, kwa sababu hasimami tena Kocholia.