Ruhusa ya Kutumia Modemu pale Dunga

Nakumbuka siku moja pale Dunga, ufukweni mwa ziwa, mwanangu, tulipokaa mbele ya kompyuta nzima isiyo na kasoro, modemu, kile kifaa cha kuupigia mtandao simu, imeunganishwa na waya wake, na hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kusoma barua pepe zetu. Nilikuwa msichana bado, karani wa kina mama waliosuka vikapu kwa magugu ya ziwani. Mnunuzi wetu wa ng'ambo alikuwa ameahidi kututumia vipimo vya oda mpya.

Kompyuta ile ilitumia mfumo wa Linux, ambao kila mtumiaji huingia kwa jina lake na kupewa ruhusa zake. Fundi wetu, Bwana Odhiambo, alikuwa ameibana mno: modemu ilikubali kupiga simu kwa aliyeingia kwa jina la msimamizi tu, na nywila ya msimamizi aliijua yeye peke yake. Hakuwa mtu mbaya. Aliogopa tusije tukaharibu kitu. Lakini siku hiyo alikuwa Katito kumzika shangazi yake, na kila nilipojaribu kupiga, skrini iliniambia sina ruhusa.

Aliporudi akafungua, tukakuta barua mbili. Ya kwanza ilikuwa ya vipimo, ikitaka jibu siku hiyo hiyo. Ya pili ilisema oda imepelekwa kwingine. Kina mama walikuwa wameshakausha magugu. Mmoja alifunga leso yake tu, akaenda nyumbani.

Odhiambo aliumia. Akachukua kalamu, akaanza kuandika ile nywila ukutani.

"Acha, Bwana," alisema Mama Anyango, mwenyekiti wetu. "Huyu msichana hataki kubadilisha mashine. Anataka kupiga simu. Kompyuta haiwezi kumpa hilo tu?"

Odhiambo aliishusha kalamu. "Inaweza, Mama. Kusema kweli, ni kazi ndogo."

Akaketi, akaniingiza mimi na mwenzangu Rose katika kikundi kinachoitwa dialout, cha watumiaji wa kawaida walioruhusiwa kutumia modemu. Nikajaribu. Sina ruhusa. Wote wakamgeukia. Yeye akacheka.

"Toka kwanza kwenye akaunti yako, halafu uingie upya. Ndipo itakutambua."

Nikatoka, nikaingia. Modemu ikalia ule mlio wake wa kukwaruza, na barua zikaanza kushuka. Mama Anyango alinishika bega. Oda ile haikurudi, lakini zilizofuata nilizijibu mwenyewe, na Odhiambo akawa anakwenda kwao bila wasiwasi. Nilipenda kazi ile kuanzia hapo.

Sasa nawe una ofisi hapa Kisumu, na watu chini yako. Usiwafanye wakungoje kwa kila jambo dogo. Wala usichoke kuulizwa hadi ukawaachia kila kitu, maana huko nako ni kuwatupa. Muulize kila mmoja kazi yake ni ipi, mpe ruhusa ya kazi hiyo, halafu mwache aifanye. Nyasaye, Mungu wetu, akupe watu wa kuaminika, mwanangu, na akupe moyo wa kuwaamini.