Chupa Niliyoifungua Mara Saba

Nakumbuka ile Jumanne kwa rangi yake. Ilikuwa kijani, na haikupaswa kuwa kijani.

Mwanangu, najua sijafikia umri wa kukuita hivyo; nimekupita miaka tisa tu. Lakini wiki hii umeanza kazi kwenye meza ile ile niliyoanzia mimi, katika maabara ya chuo hapa Kitui, na jana nilikuona ukifuta daftari lako kwa kifutio. Nilishtuka. Acha nikusimulie.

Kemia nilijifunza mwenyewe, nyumbani Zombe, kwa vitabu vikuukuu na simu yenye kioo kilichopasuka. Ndiyo maana nilipoajiriwa niliogopa kila kitu. Chombo kimoja nilikiosha mara tatu. Niliamini kwamba kosa moja tu likionekana, watajua sikustahili kuwa hapa.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Kilonzo wa Migwani, fundi wa maabara aliyebakiza miezi minne astaafu. Alinipa kazi ya kufunga pete. Una mnyororo wa kaboni wenye naitrojeni upande mmoja, na unataka ncha zake zikutane, ziwe duara kama zile zilizomo katika dawa nyingi tunazomeza. Zenyewe hazikutani. Unatia kichocheo, unga kidogo wa chumvi ya shaba, mweupe. Shaba inazishika ncha mbili, inaziunganisha, inaziachia, kisha inakwenda kushika nyingine. Ila shaba ya aina hiyo haipatani na hewa. Chupa hujazwa gesi ya kuifukuza hewa, huzibwa kwa kizibo cha mpira, huachwa kwenye joto hadi kesho yake.

Mimi sikuweza kuiacha. Nilivuta tone kwa sindano nione kazi imefika wapi, tone nikaliona dogo, nikatoa kizibo. Nikakirudisha. Baada ya nusu saa nikakitoa tena. Mara saba. Kufikia saa tisa mchanganyiko ulikuwa kijani, shaba imeharibika, pete hakuna.

Katika daftari niliandika: chupa haikufunguliwa.

Mzee alilisoma, akaniamini. Kwa kuwa aliniamini, alianza kujilaumu. Alimwaga kiyeyusho alichokisafisha mwenyewe kwa siku mbili, akidhani kimeingia maji. Akaukagua mpira unaoleta gesi kwenye chupa kutoka mwanzo hadi mwisho, akitafuta tundu, akiupapasa kwa vidole. Ijumaa nilimsikia akimwambia mkuu wa idara kwamba macho na mikono yake imechoka, afadhali aondoke mwisho wa mwezi.

Nilimfuata kwenye sinki.

"Mzee, nilifungua."

"Mara ngapi?"

"Saba."

Alifunga maji. Akaniuliza kama hata muthokoi, mahindi yetu yaliyokobolewa na maharagwe, ukiwa jikoni huwa naufunua mara saba kabla haujaiva. Nikasema ndiyo. Akacheka kidogo, lakini uso wake haukucheka.

Kisha alitoa daftari lake kabatini, akanifunulia kurasa. Nimemwaga. Nimesahau kupima. Nimesinzia, imeungua. Yote kwa mwandiko wake mzuri.

"Mwikali mwanangu, kosa la chupa lilitupotezea siku moja. Hili la daftari limenifanya niishuku mikono yangu mwenyewe."

Aliniambia niandike ukweli chini ya ule uongo, bila kuufuta. Jumatatu tuliandaa chupa nyingine, tukaiziba, akanifukuza maabarani. Nilizunguka mjini hadi jioni, mikono mfukoni, nikiiwaza. Kesho yake ilikuwa na rangi ya asali, na tulipolipima tone lake kwenye kibati cha majaribio, chini ya taa tuliona doa moja, jipya, safi: pete imefunga. Mzee alimaliza miezi yake yote minne. Siku ya kuondoka aliniachia daftari lake. Ndilo lile kwenye rafu juu ya meza yako.

Bado nina wasiwasi, sikufichi. Barua hii nimeiandika mara nne. Lakini nakuomba hivi: ukishaifunga chupa, iache ifanye kazi yake. Ukikosea, liandike kosa lako siku hiyo hiyo, kwa kalamu, maana yupo mtu atakayelisoma daftari lako na kujipima kwalo.

Mungu akujalie mikono mitulivu, mwanangu. Na akujalie daftari lenye makosa yako yote, ili siku moja umwachie mwenzako bila aibu.