Kibuyu cha Hilari Ngollo

Hilari Ngollo wa Ipuli alilinda ghala la mpunga la Mzee Selemani, Mwarabu wa Kanyenye, kwa miaka kumi na moja. Kwa ajili ya wezi palikuwa na mlinzi mwingine wa usiku. Yeye kazi yake ilikuwa kuua tetere na panya, na alipewa bunduki ya upepo, ile inayokunjwa katikati kukaza springi na isiyotumia baruti. Risasi zake ni ndogo kama punje za choroko, kiuno chembamba, nyuma wazi kama sketi.

Hakuwa akikosa, na hilo ndilo lililoanzisha maneno.

Mwaka 1954 nilikuwa mwalimu, na pia karani wa wazee wa kanisa letu. Nakiri kwamba mimi nilimshuku mapema kuliko wengi. Ghala lilikuwa kando ya barabara ya zamani ya misafara, nami nilipita hapo kila siku. Kila Jumamosi saa nne ya asubuhi Hilari alifunga mlango wa chumba chake cha uani. Nilijiuliza kwa nini mtu afunge mlango mchana kweupe. Siku moja nilichungulia penye ufa. Nilimwona ameinama juu ya bakuli la maji, anaosha risasi. Akazianika juu ya kitambaa, kisha akachukua kibuyu kidogo nyuma ya mlango, akadondosha kitu ndani ya kopo, akazitia risasi na kulizungusha polepole. Midomo yake ilikuwa ikicheza.

Kwetu Unyamwezi hakuna asiyejua maana ya kibuyu kidogo na risasi. Wawindaji wa zamani walipaka bunduki zao dawa kabla ya kuingia porini, na dawa ilikaa katika kibuyu kama kile. Kanisa lilikwisha kukataza mambo hayo.

Nilibisha hodi. Alitoka, akafunga mlango nyuma yake.

“Mwangaluka, mwalimu,” akanisalimu kwa Kinyamwezi, akaninyooshea kifundo cha mkono badala ya kiganja. “Nisamehe, mikono yangu ina mafuta.”

“Mafuta ya nini?”

“Ya kazi.”

Nilishika kile kifundo, nikaondoka na shaka yangu. Sikuuliza zaidi. Niliona ni busara. Leo naona ulikuwa woga.

Baada ya Pasaka yakaanza matangazo ya ndoa ya binti yake Imakulata. Mchumba alikuwa kijana wa Usinge, yatima aliyelelewa na baba yake mdogo, Bernardo, mwindaji mwenye gobori. Jumapili ya pili, padri alipouliza kama kuna ajuaye kizuizi, Bernardo alisimama. Alisema hawezi kuingiza katika ukoo wake binti wa mtu anayepaka risasi dawa, na kwamba kibuyu kinaning'inia nyuma ya mlango. Imakulata alijifunika uso kwa khanga.

Padri alimtuma katekista Anselm pamoja nami tuchunguze kabla ya Jumapili ya tatu. Shitaka likithibitika, baba atatengwa na sakramenti na ndoa haitafungwa. Ijumaa niliandika barua ya matokeo, kwamba shitaka ni kweli. Ndiyo, kabla ya kwenda. Ilibaki saini tu.

Jumamosi saa nne tulifika ghalani, na Bernardo pamoja nasi. Mkewe Hilari, Pelagia, alikuwa mlangoni, mikono kiunoni.

“Karibuni, mahakimu,” akasema. “Viatu vyenu pangusieni hapo, mpunga huu unaliwa.”

Hilari hakugombana. Alileta bakuli, sabuni ya kufulia na kopo jipya la risasi, akamwaga chache juu ya karatasi nyeupe. Akazitikisa, akaziondoa. Karatasi ilibaki na vumbi jeusi.

“Hili ndilo linalochafua mtutu,” akasema. “Mzungu wa reli niliyemtumikia alinifundisha. Maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo, usisugue, ni laini hizi. Halafu zikauke kabisa. Iliyobonyea sketi naitupa, maana haiendi moja kwa moja.”

“Na midomo?” nikauliza. “Nilikuona ukisema maneno.”

Hilari alijua sasa kwamba nilichungulia.

“Nahesabu, mwalimu. Matone mawili kwa risasi hamsini.”

“Na mlango?” akauliza Anselm.

“Upepo wa barabarani. Vumbi likinata kwenye mafuta, nimeosha bure.”

Akaleta kibuyu, chenye kizibo cha kitambaa. Anselm akanusa, akanipa. Harufu niliijua, lakini sikuweza kuitaja.

“Ni mafuta ya cherehani yangu!” Pelagia akapiga kelele. “Chupa ilipasuka, nikamtilia humo. Kama hayo ni dawa, basi magauni yote ya kipaimara niliyoshona yamerogwa. Kawavueni watoto!”

Anselm alicheka. Mimi sikucheka. Nilifikiri mtu mwerevu anaweza kutia dawa ndani ya mafuta halali, nikasema hivyo.

“Vyema,” Hilari akasema. “Kama ni dawa, ikizidi itazidi nguvu, siyo?”

Akaweka gunzi juu ya ukuta, hatua ishirini. Akapiga kwa risasi yenye mafuta kidogo, gunzi likaanguka. Akalirudisha, akampa Anselm kibuyu achovye mwenyewe risasi nyingine mpaka ivuje. Bunduki ililia kama gobori, moshi wa bluu ukatoka mtutuni, na risasi ikapiga ukuta mbali kabisa na gunzi.

“Yakizidi yanaungua ndani,” Hilari akasema. “Hayalengi. Anayelenga ni mimi.”

Sasa Bernardo akasogea mbele, jasho usoni.

“Wanadanganywa hawa! Hicho sicho kibuyu chenyewe, mkwe. Toa kile cha kizibo cha gunzi!”

Hilari aliweka bunduki chini taratibu.

“Kile kilipasuka wiki ya Matawi,” akasema, “Pelagia akanitafutia hiki. Chumba hiki haingii mtu. Mwalimu mwenyewe nilimsimamisha nje. Kile cha gunzi alikiona kwa karibu mgeni mmoja tu, aliyekuja wakati wa Kwaresima na kuku mwekundu kwapani.”

Pelagia akamgeukia Bernardo.

“Kumbe yule kuku! Nami nilimwuliza kwa nini anamrudisha!”

“Aliniomba dawa ya gobori lake,” Hilari akaendelea. “Nikamwambia hakuna dawa. Nikamwonyesha kibuyu anuse. Hakusadiki. Sikutaka kumwaibisha baba wa mkwe wangu, nikanyamaza.”

“Ulininyima,” Bernardo akasema kwa sauti ndogo. “Nyati wamenitoroka msimu mzima, na wewe hukosi hata panya. Ulikuwa nayo, ukaninyima.”

Hadi dakika ile alikuwa bado anasadiki. Ndilo jambo lililonitisha: aliyemshitaki mwenzake kwa kosa alikuwa amelitafuta kosa lenyewe kwa kuku. Na mimi niliyejiona mlinzi wa kanisa nilikuwa na hukumu mfukoni kabla ya kuuliza swali moja la haki. Niliichana ile barua nyumbani, lakini kuichana hakufuti kuiandika.

Tangazo la tatu lilisomwa bila neno. Bernardo alipewa kitubio chake, na padri ndiye ajuaye ukubwa wake.

Siku ya arusi Hilari alivaa shati jeupe na alikuwa amenawa mpaka kucha. Aliwapa kiganja wageni wote mlangoni, mmoja mmoja, hata mimi, ingawa sikustahili. Bernardo alipofika na mkono umenyooshwa, Hilari aliinamisha kichwa kwa heshima yote ya ukwe, akampa kifundo.