Jumapili Tulipokuwa Tukiitana Ng'ambo ya Rusizi

Enzi zetu, sisi tuliokulia Kamembe, upande wa Rwanda, wakati wa vita vya Kongo, simu ya kumpigia mtu wa Bukavu ilikuwa koo lako mwenyewe. Risasi zikilia ng'ambo, daraja lilifungwa, na wengi wetu tulizaliwa huko huko ng'ambo, tukarudi Rwanda na wazazi na kuacha nusu ya ukoo. Basi Jumapili, misa ikiisha, tulishuka mtoni pale Rusizi inapokuwa nyembamba, na ndugu zetu wa Bukavu wakashuka upande wao. Tukaanza kuitana.

Wanaosema mji wetu haukuwa na vivutio hawakuuona ukingo ule! Mama Zuhura alimaliza mabeseni mawili ya sambusa kabla ya adhuhuri. Sambaza, vile visamaki vya ziwani, walikaangwa pale pale, na mpiga picha alikuja na kamera yake pamoja na ua la plastiki la kukushikisha. Habari za kila nyumba tulizipata bure: nani kaposwa, nani kakataliwa, nani kauza mbuzi wa mjomba wake bila ruhusa.

Za kwetu zilisikika kuliko zote. Koko, bibi yangu mzaa mama, alibaki Bukavu kwa sababu hakutaka kuwaacha kuku wake, na Mungu alimjalia sauti ya kuamsha mtaa. Wala hakusalimia.

"Béa! Weye Béa! Ungali unakojoa ku kitanda?"

Kamembe nzima iligeuka kunitazama. Nilikuwa na miaka tisa na gauni la Jumapili.

"Hapana, Koko!"

"Sisikie! Sema na nguvu!"

Ikabidi nitangaze tena. Jumatatu shuleni kila mtu aliniuliza kama nimeamka mkavu. Wiki baada ya wiki ikawa hivyo, mpaka nikagoma. Nilimwambia Maman tumbo linaniuma, nikabaki nyumbani nikicheza kamba, mzima kabisa. Maman aliporudi hakunigombeza.

"Koko amekuita mpaka sauti imekauka," alisema. "Anawaza umekufa, ati tunamuficha tu."

Sijawahi kuona aibu kama ile. Katikati ya wiki mabomu yakalia Bukavu siku tatu mfululizo. Jumapili nilikuwa wa kwanza mtoni, bila kunywa hata chai. Koko hakuwepo. Niliita, nikaita, machozi yakanitoka mbele ya watu. Ndipo wale wale waliokuwa wakinicheka shuleni wakaja kusimama kando yangu, tukaita pamoja: "Koko wa Béa! Koko wa Béa!" Hata Mama Zuhura aliacha sambusa zake akapaza sauti.

Mwanamke mmoja wa ng'ambo, tusiyemjua, alitupungia mkono akaondoka. Alikawia sana. Aliporudi alikuwa amemshika mkono Koko, aliyetembea polepole na kuku mmoja kwapani. Midomo ya Koko ilicheza lakini sauti haikutoka; baadaye tulijua malaria ilikuwa imeimaliza.

Nikaita kwa pumzi yote niliyokuwa nayo.

"Koko! Ni miye! Niko muzima!"

Aliketi palepale kwenye majani, akacheka, akajifuta uso na kitenge. Ng'ambo wakapiga makofi, na sisi tukapiga.

Siku hizi daraja liko wazi, na binti yangu anamwona Maman, aliyerudi kuishi Bukavu, usoni kwenye simu wakati wowote. Anamwambia "eeh, bibi, réseau mbaya, sikusikie," anakata, anarudi kwenye muziki wake. Nyaya masikioni, hata ukimwita kutoka jikoni hasikii! Ukingo ule nao umenyamaza, watu huoshea pikipiki tu.

Koko alifariki miaka mingi iliyopita, akazikwa upande wake. Jumapili iliyopita nilishuka pale peke yangu baada ya misa, na bila kutarajia nikajikuta nimeita. Dereva wa pikipiki akainua kichwa na sabuni mikononi.

"Maman, unaita nani?"

"Koko yangu," nikamjibu. "Siku hizi hasikie vizuri."