Hesabu za Kampuni Mama

Saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi, katika ukumbi mmoja Mwenge, nilifungua ukurasa wa thelathini na moja wa kitabu cha mkutano mkuu wa wanahisa, nikakuta mkopo ambao sikuwahi kuusikia. Niliusoma mara tatu. Kisha nikatazama jina la kampuni juu ya ukurasa.

Kando yangu alikaa dada yangu mkubwa, mjane. Miaka minne kabla, aliuza kipande chake cha shamba Kimbiji, akaja kwangu Kinondoni kuniuliza fedha aiweke wapi mpaka mwanawe wa mwisho aingie chuo. Nilimnunulia hisa elfu sita, kila moja shilingi elfu moja. Zilikuwa hisa za kampuni mama, ile inayoimiliki benki. Benki yenyewe haikuuza hisa. Hilo nililijua.

Uhasibu nilijifundisha mwenyewe kwa vitabu vya mitumba. Kila robo mwaka nilikwenda tawini, ambako benki hubandika hesabu zake ukutani, nikazinakili kwenye kaunta buku: amana, mikopo, faida. Faida ilikuwa inapanda. Jioni nilimpigia dada simu nikamsomea. Hesabu za kampuni mama hazikubandikwa pale, nami sikuzitafuta.

Sasa nilikuwa nazo mapajani. Kampuni mama ilikopa, ikaiingiza fedha hiyo benki kama mtaji. Ndiyo maana benki ilionekana imeshiba. Gawio lote lililotoka benki lilikwenda kulipa riba ya mkopo huo, na mwaka ule halikutosha. Mwenyekiti alitueleza kwa upole kwamba sie wanahisa hatungepata kitu, na kwamba mkopeshaji angelipwa sehemu ya deni lake kwa hisa mpya, hivyo fungu letu lingepungua. Bwana mmoja nyuma yetu akauliza kama chai, ambayo hadi saa ile ilikuwa haijaletwa, nayo amepewa mkopeshaji. Watu wakacheka.

Dada hakucheka. Aliniomba nimweleze polepole, nikamweleza kwa sauti ya chini.

"Kwa hiyo mdogo wangu," alisema, "pesa yangu iko kwa mama, na miaka yote hii we unanisomea afya ya mtoto?"

"Ndiyo, dada."

"Na chuo kinafunguliwa Oktoba."

Nilitaka kumwambia asubiri bei ipande. Hoja nilikuwa nazo, hata tarakimu. Nikafunga kitabu, maana hoja zangu ndizo zilizotufikisha pale. Akasema niuze zote.

Jumatatu tulikwenda kwa dalali wa hisa. Bei ilikuwa shilingi mia tano na arobaini. Dada alisaini bila kuniuliza neno, na fedha ilipoingia alilipa kwanza ada ya mwanawe, ndipo akanipigia kunitajia kilichopatikana baada ya makato: milioni tatu, laki moja na elfu themanini. Niliandika tofauti yake na zile milioni sita za mwanzo kwenye kaunta buku. Nilikuwa nimempotezea dada yangu shilingi milioni mbili, laki nane na elfu ishirini.