Gunia la Chumvi Mbele ya Wanawake

Mjinga gani anaulizwa kama ni mgonjwa, anajibu kwa kubeba gunia la chumvi? Mimi. Mkaguzi wa bima alikuja mpaka kwenye ghala letu la samaki pale Nchelenge kando ya ziwa, aone kama ngiri yangu, uvimbe huu wa chini ya tumbo, imetokana na kazi. Daktari wa misheni alikuwa amekwisha kuniambia kwamba utumbo ukibanwa kabla sijapasuliwa, nitakufa. Na bila bima sikuwa na njia ya kupasuliwa. Kazi yangu siku ile ilikuwa kuugua tu. Lakini wanawake wanaopasua samaki walikuwa wanatazama, na mmoja akasema mwanamume asiyetoka nyumbani kama mimi hata mto wa kitanda humshinda. Nikalitupa gunia begani, nikatembea nalo mpaka mlangoni. Mkaguzi akacheka, akasema yeye mwenyewe hana nguvu hizo, akapanda gari akaenda zake.

Tangu hapo nikawa mnyama. Nilivunja kiti nilichokipenda kuliko ndugu zangu. Nilimrushia mbwa chungu cha uji, kikapasukia ukutani, na mke wangu akaniambia kwa upole kwamba kingine atanivunjia kichwani. Nilishinda nimelala, nimeushika uvimbe kwa viganja viwili kama mtu aliyeiba yai, huku namwua yule mkaguzi moyoni: mara kwa kasia, mara kwa panga, mara kwa kumzamisha ziwani polepole.

Aliporudi ghalani kukagua wengine, nilimfuata. Nilianza kwa heshima, mukwai hapa, mukwai pale. Akanijibu bila kugeuka:

"Weye ni muzima. Niliona na macho yangu."

Nikampiga ngumi ya pua. Ilikuwa ngumi yangu ya kwanza maishani, na damu iliporukia samaki wakavu niliipenda, Mungu anisamehe. Starehe yangu haikudumu. Alinikaba shingo, akanibamiza kwenye nguzo, akanipiga teke chini ya tumbo, palepale. Nililia kama mbuzi anayechinjwa, nikatapika, na uvimbe ukawa mgumu kama jiwe.

Msimamizi wetu akafunga mlango wa ghala. Akamwambia mkaguzi, damu ikiwa bado inamchuruzika, achague: mtu huyu ameumia kazini, mchana, mbele ya mashahidi; au ameumizwa na mtu wa bima. Alichagua la kwanza, upesi. Yeye mwenyewe ndiye aliyeendesha gari mpaka misheni, na kwenye kila shimo la barabara nilimtukania mama yake.

Nilipozinduka baada ya kupasuliwa, jirani yetu, mama mzee anayepika pombe ya munkoyo, alikuwa amekaa kando ya kitanda anakula ndizi nilizoletewa mimi. Alinisikiliza mpaka kwenye teke. Kisha akasema:

"Ungelia vile ile siku ya gunia, mutoto wangu, pua ya mutu ingebaki muzima, na muke wako angekuwa na chungu."